Mkavu wa Macho wa Obunga

Selpha Aoko alikuwa na majina matatu katika mtaa wa Obunga, Kisumu. La ubatizo lilitumika kanisani. La Mama Lornah lilitumiwa na majirani na wateja. La tatu lilitajwa mgongoni mwake tu, isipokuwa na Subira, ambaye alimwita nalo kila asubuhi kabla hata ya kumjulia hali.

"Mkavu wa macho, umeamkaje?"

"Nimeamka hivi unavyoniona. Sogeza karai lako, mafuta yako yananirukia."

Subira alizaliwa katika mtaa wa Kaloleni, mjini humo humo, binti wa fundi cherehani wa Pwani aliyefuata reli mpaka Kisumu akaoa huko huko. Alikaanga viazi na mandazi. Selpha, hatua chache kutoka kwake, alikaanga mgongo wazi, mifupa ya samaki iliyokwisha kuchunwa minofu. Ilikuwa miaka ile ya mwisho ya themanini, viwanda vilipoanza kuchuna minofu ya samaki wa mbuta na kuipeleka Ulaya, na yaliyobaki, yaani kichwa, uti wa mgongo na mkia, yakawa kitoweo cha watu wa ziwani wenyewe. Wanawake waliyanunua kwenye malango ya viwanda, wakayakaanga, na moshi wao ukatanda juu ya Obunga kutwa nzima.

Sifa ya Selpha ilianzia kwenye mojawapo ya malango hayo. Wenzake walikuwa wakipanga foleni tangu alfajiri na mabeseni yao, kisha bawabu anawapitisha wanawake wa ukoo wake kwanza, na wengine wanarudi nyumbani mikono mitupu. Wengi walilalamika njiani. Selpha hakulalamika. Alichukua beseni lake, akaingia kupitia mlango wa ofisini, akaketi kwenye benchi la wageni katikati ya wanunuzi waliovaa tai, beseni mapajani, harufu na yote. Karani alipomuuliza amekuja kumwona nani, alijibu, "Samaki." Meneja alipotoka kuona ni kicheko gani kile, alimkuta hajasogea. Tangu siku hiyo foleni ikaheshimiwa, na wanawake waliofaidika ndio waliokuwa wa kwanza kusema kwamba yule mama hana haya hata tone.

Na hayo yalikuwa madogo. Mumewe alipofariki, na shemeji zake wakaketi kukubaliana ni nani atakayemrithi, alitoka jikoni akiwa bado na mwiko mkononi, akasimama katikati yao, akawaambia wasijichoshe, atakaa na mwanawe. Kisha akarudi kugeuza ugali.

Neno lenyewe, hata hivyo, lilikuwa la zamani kuliko hayo yote. Alilisikia mara ya kwanza Nyakach, nje kidogo ya Katito, alipokuwa mtoto wa kuchunga mbuzi. Wageni walikuja, wakaandaliwa, na Selpha badala ya kuinamisha kichwa akawa anawatazama usoni mmoja mmoja wakitafuna. Nyanya yake alimvuta sikio mpaka nyuma ya nyumba. "Wang'i tek!" alimfokea. Jicho lako ni gumu. Kwa Kijaluo jicho na uso ni neno moja, na mtoto hakujua ni kipi kati ya viwili kilichokuwa kigumu. Alichojua ni kwamba sikio liliuma. Alipokuja mjini na kujifunza Kiswahili, akakuta watu wa Kaloleni wana neno la namna hiyo hiyo, ila kwao jicho halikuwa gumu, lilikuwa kavu.

Mchana mmoja wa mvua, wateja wakiwa haba, alibishana na Subira neno lilitoka wapi.

"Lilitoka kwa moshi," Selpha alisema. "Mwanamke akipuliza moto miaka na miaka, machozi humwishia. Ukimtukana hana tena cha kukutolea. Watu wakaona wakasema, huyu macho yamekauka."

"Moshi! Unataka kila kitu kiwe kimetoka jikoni kwako." Subira alisonya. "Haya hukaa machoni, Mama Lornah. Mkaripie mtu mwenye haya uone macho yanavyomlengalenga. Asiye na haya unamkaripia mpaka unachoka wewe, na macho yake bado makavu kama sahani iliyopanguswa. Ndiyo asili yake, hakuna moshi hapo."

"Kwa hiyo ni tusi."

"Nani kasema? Marehemu baba alimwita hivyo askari asiyepepesa mbele ya bunduki. Na alimwita hivyo hivyo yule bwana aliyeomba kuongezewa nyama matangani."

"Na mimi unaniita nikiwa yupi?"

"Inategemea siku," alisema Subira, wakacheka mpaka viazi vikaungua.

Selpha alilipenda neno hilo, ingawa hangekiri. Alikuwa amelivaa muda mrefu likamkaa vizuri. Aliamini kwa dhati kwamba haya zilikwisha ndani yake siku nyingi, kama maji yanavyokwisha mtungini, na kwamba hakuna kona iliyobaki na unyevu. Katika hilo alikosea, lakini hakulijua mpaka Lornah alipojifungua.

Lornah alikuwa mwanawe wa pekee. Aliolewa na Tom Ogola, kijana mpole wa Kisian aliyeendesha mashine ya kusaga unga karibu na barabara ya Busia, na wakapanga chumba kimoja nyuma ya maduka. Mvua za mwaka wa tisini na moja zilipoanza, alipata mtoto wa kike kwa kupasuliwa. Aliruhusiwa kurudi nyumbani, na huko nyumbani kidonda kikaanza kutunga usaha. Mama yake Tom alikuwa amekwisha kufa. Hakukuwa na dada wala wifi wa kumshika mkono.

Tom alikuja Obunga mwenyewe kuleta habari. Alisimama kando ya karai la Subira, akampa Selpha mgongo, ingawa Selpha alikuwa karibu kiasi cha kumgusa, akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Mama, naomba umwambie mama yake Lornah kwamba Lornah ni mgonjwa sana."

"Mwambie mwenyewe, si huyo hapo?" Subira alishangaa.

Tom alitazama viatu vyake. Na Selpha, badala ya kumgeukia, alisema akilitazama karai, "Mwambie aliyeleta habari kwamba nimesikia. Nakuja."

"Ninyi wawili mna wazimu," alisema Subira.

Haukuwa wazimu. Katika desturi yao, mama mkwe na mkwe huheshimiana kwa kuepukana. Hawaelekezani maneno kama njia nyingine ipo, hawatajani majina, hawali pamoja. Na mama kulala chini ya paa la mume wa binti yake ni jambo lililosemwa kwa kunong'ona, kwa sababu inaaminika huleta chira, maradhi yasiyojua dawa ya hospitali, na chira humwangukia mtoto.

Selpha alimwachia Subira karai lake na kuni zake.

"Utalala wapi huko?"

"Atakapolala mwanangu."

"Kwa mkweo? Ninyi si mnasema..."

"Kwani kidonda huuma mchana tu?"

Alifika Kisian na kikapu na blanketi lililokunjwa. Tom alikuwa mlangoni. Aliliona lile blanketi, akaelewa. Aliingia ndani, akaondoa shati lake msumarini, akachukua blanketi lake mwenyewe, akatoka na kupita ukutani kabisa, bila neno. Selpha alisikia hatua zake zikififia akashukuru moyoni. Kijana amelelewa, alijiambia. Kisha akakunja mikono ya nguo, akachemsha maji ya chumvi, akaanza kazi.

Majirani walichungulia. Mama fulani ameingia na blanketi, na hajatoka! Selpha aliwasalimu wote, mmoja mmoja, akiwatazama usoni. Usiku alitandika mkeka kando ya kitanda cha Lornah. Kila alfajiri hatua zilisikika nje, zikasimama kidogo, zikaondoka, na akifungua mlango akakuta pakiti ya unga, mara nyingine maziwa au chupa ya mafuta taa. Alikuwa na mazoea ya kungoja mpaka hatua zitoweke ndipo avute komeo. Aliingiza vitu ndani, akavipanga, wala hakusema vimetoka kwa nani. Mama hazungumzi na binti yake mambo ya mumewe, na zaidi ya yote hazungumzi alikolala.

Kidonda kilianza kufunga. Usaha ulikoma, homa ikashuka. Lakini Lornah hakula. Uji wa wimbi alionja vijiko viwili akageukia ukutani. Supu ya samaki ilipoa mpaka ikaganda. Maziwa yakapungua, na yule mtoto, ambaye bado hakuwa amepewa jina la kudumu, alinyonya, akaachia, akalia, akanyonya tena. Vidole vyake vilianza kuwa vyembamba kama njiti za kiberiti. Muuguzi wa zahanati alimtazama Lornah juu hadi chini akamvuta Selpha nje.

"Mwili unapona, mama. Sasa muulize ana nini moyoni, kwa sababu asipokula, huyu mdogo hatafika mbali."

Selpha alimuuliza. Lornah alisema hana kitu.

Ndipo alipokuja Joram, baba mdogo wa Tom, mzee mwenye kofia pana na mashauri mengi. Hakuingia. Alisimama uani, akaita.

"Mama Lornah!"

"Naam, baba." Selpha alitoka akasimama mlangoni.

"Mimi nimekuja kuuliza tu, kwa upole. Wewe utaenda lini?"

"Binti yangu akisimama."

"Na asiposimama?"

"Basi nitakaa zaidi."

"Yawa!" Joram aligeuka kuwatafuta mashahidi, na mashahidi walikuwepo, wawili watatu, wakianika nguo zilizokwisha kukauka. "Mtoto analia mchana, analia usiku. Maziwa imepotea. Na wewe huoni ni nini inaleta hii? Unalala kwa nyumba ya mkweo, mama! Hata mbuzi hujua boma lake."

"Mlete huyo mbuzi. Akijua kuosha kidonda nitampisha."

Mmoja wa waanika nguo alicheka, akajifanya anakohoa. Joram aliivua kofia, akaivaa.

"Macho yako ni makavu kabisa, mama. Kabisa."

"Nimeambiwa na wakubwa kuliko wewe."

"Basi Jumamosi nitakuja na wazee. Utoke kwa amani, ama utolewe, kwa ajili ya huyo mtoto."

Alikwenda zake. Selpha aliingia ndani akiwa na kifua mbele, kama mtu aliyeshinda kesi. Alimkuta Lornah amegeuka kutoka ukutani, macho wazi. Alikuwa amesikia yote.

"Mama, mwache," alisema. "Unapigania nini nyumba ambayo mwenyewe ameihama?"

"Ameihama nani?"

"Tom. Siku ileile uliyokuja alichukua blanketi lake. Hakuniaga. Hajamshika mtoto wake tangu siku hiyo." Sauti ilikuwa nyembamba lakini haikutetemeka. Ilionekana amekwisha kuyasema haya mara nyingi peke yake. "Alichoka na harufu ya kidonda. Nadhani ameshapata kwingine. Ananiwekea unga mlangoni kama mtu anavyomwekea mbwa wa jirani."

Selpha aliketi juu ya debe la maji.

"Mwanangu, hajakuhama. Ananiheshimu mimi. Mkwe halali mahali alipolala mama mkwe."

"Heshima gani hiyo, ya kumwacha mkeo amelala na usaha?" Lornah alimtazama mama yake kama anayemhurumia. "Usinitungie maneno ili nile. Najua unanipenda."

Akageukia ukutani tena.

Selpha alibaki juu ya lile debe kwa muda mrefu. Alikumbuka kwamba Lornah alikulia Obunga bila baba, katika nyumba ambayo hakuna mkwe aliyewahi kukanyaga, na alizijua kuta za jikoni kwa Subira kuliko boma la nyanya yake. Ni nani angemfundisha mambo ya kuepukana? Mama yake alizikimbia desturi za shemeji zake mbio sana, hata hakumfungashia mtoto moja ya kumsaidia njiani. Na Tom, kwa upande wake, hakudhani kuna mwanamke wa Kijaluo duniani anayehitaji kuelezwa kwa nini mume ametoka.

Lakini lililomchoma zaidi lilikuwa lake mwenyewe. Alijiona akiwa amesimama nyuma ya mlango kila alfajiri, mkono kwenye komeo, akingoja hatua za kijana zitoweke. Angeweza kufungua. Angeweza kusema, ingia umsalimu mkeo. Hakuweza. Ofisi ya kiwanda aliiweza, shemeji aliwaweza, Joram alimweza kwa maneno mawili, kwa sababu haya walizotaka azione zilikuwa haya zao. Hii ilikuwa yake. Alikuwa mkavu wa macho nusu, na ile nusu nyingine ndiyo iliyokuwa inamkaushia mjukuu maziwa.

Kesho yake, Ijumaa, baada ya kumwosha Lornah, alijifunga leso akaenda kwenye mashine ya unga.

Wanawake walikuwa kwenye foleni na mikebe yao ya gorogoro iliyojaa mahindi. Mashine ilinguruma hata ardhi ikatetemeka. Tom alikuwa mweupe kwa unga kuanzia nywele hadi viatu. Alipoinua kichwa na kumwona anayeingia, aliachia debe, akazunguka nyuma ya mashine, akachuchumaa.

Hapo Selpha akasimama. Yeye aliyekaa na beseni la samaki kati ya watu wa tai, alishindwa kumwendea kijana mmoja. Alitafuta njia, akaona gunia lililoegemea ukuta, akalielekea.

"Kuna mtu mmoja," aliliambia gunia, "ambaye ana nyumba yake, na ndani ya nyumba hiyo kuna mgonjwa..."

Mashine ilimeza kila neno.

"Mama, hilo gunia ni langu," mwanamke mmoja alipaza sauti kutoka kwenye foleni, "na halisikii!"

Foleni nzima ikacheka. Kicheko kile kilimsaidia. Alivuta pumzi, akaizunguka mashine, akasimama mbele ya kijana aliyechuchumaa.

"Zima mashine, Tom!" alipaza sauti kuushinda mngurumo.

Alikuwa amelitaja jina. Wanawake walisikia, wakageuka. Tom alinyoosha mkono bila kumtazama, akazima.

"Mama, tafadhali, usiniite..."

"Tom Ogola. Nimelitaja mara mbili na paa halijaanguka. Simama nikuone. Lornah anasema umemwacha."

Tom alisimama ghafla hata unga ukamtoka kama moshi. "Nimemwacha? Mimi? Mama, mimi nalala hapa! Juu ya magunia. Kila alfajiri nakuja mpaka mlangoni, nasikiliza kama mtoto analia, narudi."

"Yeye hajui hatua zako zinasikiliza nini. Anaona unga tu. Hali chakula, maziwa yanakwisha, na mtoto anakwisha pamoja nayo."

"Lakini ningefanya nini? Uko ndani."

"Niko ndani, na nitakuwa ndani mpaka kidonda kifunge. Kwa hiyo utaingia nikiwa ndani. Na utakula nikiwa ndani, ili aone kwamba hiyo ni nyumba yako."

"Kula?" Tom aliwatazama wanawake, kisha mashine, kisha mikono yake. Aliteremsha sauti. "Baba Joram amesema juu ya chira. Na watu watasema nini, mama? Watasema mtoto wa Ogola hana adabu, amekula na mama mkwe wake."

"Hawatasema hivyo. Watasema mama mkwe wake hana haya. Si hawa hapa wananiona? Nimekuja kazini kwako, nimekutaja jina mbele ya watu, nimekutoa kwa nguvu. Waambie huyu mama ni mkavu wa macho, hukuwa na la kufanya. Kisian nzima itakuhurumia." Alikung'uta unga kwenye leso yake. "Hilo neno nimelibeba tangu mtoto, Tom. Limenizoea. Na ni pana, mnaweza kujificha chini yake wewe na mkeo na huyo mdogo."

Tom alijifuta uso, akabaki na mfereji mmoja mweusi katikati ya weupe. Alichukua blanketi lake juu ya magunia.

"Na unga wangu je?" yule mwenye gunia aliuliza.

"Subiri kidogo, mama," alisema Selpha. "Huyu anaenda kwake kula."

Jua lilikuwa utosini. Selpha aliuacha mlango wazi makusudi, upana wake wote, ili asiwepo mtu wa kusema kulifanyika jambo gizani. Tom aliingia akasimama katikati ya chumba kama mgeni asiyeonyeshwa kiti. Lornah aligeuka. Walitazamana.

"Umezeeka," alisema Lornah.

"Ni unga."

"Ulikuwa wapi?"

Badala ya kujibu, Tom alimpa lile blanketi. Lornah alilishika, akalinusa. Lilinuka pumba za mahindi na oili ya mashine, hakuna kingine. Alilinusa mara ya pili, polepole, kila upande, kisha akamtazama mama yake na mdomo ukamcheza. Tom alikuwa amekwisha kumchukua mtoto. Alimshika kwa namna mtu anavyoshika debe lililojaa, mikono mbali na mwili.

Selpha alisonga ugali na kupika samaki wa ngege kwa mchuzi mwingi. Alitenga sahani moja sakafuni, akaketi upande huu, Tom akaketi upande ule. Hakuna aliyenyoosha mkono. Mvuke ulipanda kati yao. Nje, waanika nguo walikuwa wameongezeka.

Selpha alikata tonge. Katika maisha yake alikuwa ameinua mizigo mingi, ila lile tonge lilikuwa zito kuliko yote. Alilichovya, akalitia mdomoni mbele ya mume wa binti yake, akatafuna. Akatafuna tena. Likashuka.

"Kula," alisema.

Tom alikula. Alikuwa amefumba macho yote mawili, ameyabana kabisa, na mkono wake ulipapasa sahani ukitafuta samaki.

"Tom!" Lornah aliita kutoka kitandani. "Unakula ama unakunywa mwarobaini?" Kisha kicheko kikamtoka, akajishika tumbo. "Uwi! Msinichekeshe, nyuzi zitakatika!"

Ni katika kicheko hicho ndipo kivuli cha Joram kilipoingia mlangoni kabla yake mwenyewe. Habari za kwenye mashine zilikuwa zimemfikia mapema, hakungoja Jumamosi. Aliona sahani moja na mikono miwili ndani yake, akaishusha kofia mpaka usoni.

"Wang'i tek, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Wang'i tek."

"Ndiyo, baba. Karibu chakula."

"Tom, hata wewe?"

Tom alitaka kuinuka. Selpha alimwekea kipande cha samaki mbele yake. "Usimuulize yeye, niulize mimi. Nilimtoa kazini kwa nguvu, wanawake wote waliona. Unadhani kijana huyu angekubali kwa hiari yake?"

Joram alimtazama Tom, uso ule wenye michirizi ya unga, macho yaliyojaa hofu, na hasira ikamtoka yote. "Pole, kijana wangu," alisema. "Pole sana." Akaondoka, na kabla ya jua kushuka kila kibanda cha Kisian kilikuwa kimesikia jinsi mama wa Obunga alivyomburuta mkwe wake mpaka kwenye sahani. Hakuna aliyemlaumu Tom. Wazee wa Jumamosi hawakuja. Wangemtoaje mtu ambaye hakuna neno baya lililobaki la kumwambia? Miaka iliyofuata, kila mara ukoo wa Ogola ulipokuwa na shughuli, Selpha aliwekewa kiti mbali na hema, na vikongwe waliwaelezea wake wapya wa ukoo kwa nini. Wakati mwingine, akiwa ameketi pale peke yake na soda yake, lilimuuma. Hakuwahi kusogeza kiti.

Lakini mchana ule, mara tu kivuli kilipoondoka mlangoni, Lornah alijiinua kwa viwiko.

"Hamnipi?" alisema. "Nataka kichwa. Na mchuzi."

Tom alimpelekea sahani, akaketi ukingoni mwa kitanda, mtoto begani. Lornah alikifungua kichwa cha samaki kwa vidole, akanyonya mifupa ya shavu, akamega ugali, akachovya, akameza, akamega tena. Alikula mpaka katikati, kisha akaonja mchuzi, akakunja uso.

"Hauna chumvi huu."

Chumvi ilikuwa kwenye kikombe kando ya jiko, karibu na goti la Selpha. Tom alitazama kikombe. Akatazama mkewe. Kisha akageuka na kumtazama mama mkwe wake usoni.

"Mama," alisema, "nisaidie hiyo chumvi."

Selpha alimpitishia, akakata tonge lingine.